Mwalimu Batoul na Mlango wa Hamamu

Batoul Laghrissi alizaliwa Sefrou, mji mdogo wa Moroko, katika nyumba ambayo hapakuwa na mkono uliokaa bure. Mama yake alikuwa fundi wa vifungo vya hariri, vile vidogo kama punje za dengu vinavyoshonwa mbele ya majoho, na kabla hajajua kusoma Batoul alijua kuzungusha uzi kwenye sindano na kukaza fundo bila kulitazama. Watu walisema huyu atampita mama yake. Haikuwa hivyo. Alisoma, akapata nafasi ya kujifunza tiba kwa vitendo, ile kazi ya kumsaidia mgonjwa au mlemavu arudie shughuli zake: kuvaa, kupika, kuandika, kushika nyundo.

Mama yake alipoelezwa aliuliza, "Kwa hiyo serikali itakulipa umfundishe mtu kufunga vifungo?"

"Ndiyo, mama."

Mama akacheka mpaka uzi ukamtoka mkononi. "Mimi nimevitengeneza miaka thelathini, na serikali haijui hata naitwa nani!"

Batoul alifanya kazi hospitalini miaka kumi na tisa, na kwa kweli alikuwa hodari. Wagonjwa walimpenda, madaktari walimheshimu. Angeweza kuzeekea pale bila lawama, isipokuwa siku moja alirudiwa na mgonjwa wake wa zamani, mwoka mikate aitwaye Moha, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Batoul alikuwa amemfundisha kwa miezi minne kuvaa viatu kwa mkono mmoja. Mzee alikaa kwenye benchi, akanyoosha miguu yake yote miwili, viatu viking'aa.

"Binti yangu, ulinifundisha kuvaa viatu, Mungu akubariki. Navivaa kila asubuhi. Halafu nakaa navyo. Ngazi za kwetu zimebomoka, tanuri langu amepewa mwingine, na msikitini wananiambia sali nyumbani, Mungu anakuelewa. Sasa viatu hivi niende navyo wapi?"

Batoul alimpa chai, wakanywa, mzee akaondoka. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipofika miaka arobaini na mitano aliitwa kufundisha katika chuo kimoja cha afya kule Fez. Alikuta wanafunzi wanafundishwa kama alivyofundishwa yeye: majina ya misuli, kipimo cha kukunja kidole, namna ya kushona gango la kuegemeza kifundo cha mkono. Vyote vya maana. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba mgonjwa akitoka mlangoni anakutana na ngazi, na bosi, na majirani, na kwamba hayo nayo ni kazi yao. Batoul akaomba aruhusiwe kufundisha somo jipya, alilolipa jina "Mgonjwa na Mtaa Wake". Aliomba mwaka wa kwanza, akaambiwa subiri. Aliomba mwaka wa pili. Aliomba miaka sita.

Mkuu wa idara, Bwana Sqalli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kupima maji kwa fimbo kabla hajatia mguu. Hatimaye alichoka kuombwa, akamwita kwa heshima, Lalla, yaani Bibi.

"Muhula mmoja, Lalla Batoul. Wanafunzi wanane. Lakini tuelewane kabisa: mtu mmoja akianguka huko mitaani mnakokwenda, somo limeanguka naye."

"Nimeelewa."

"Nataka useme tena."

"Mtu akianguka, somo limeanguka naye. Nimeelewa, mkuu."

Siku ya kwanza aliwaambia wale wanane, "Hospitalini tunamtengeneza mtu ili aweze kuishi mjini. Muhula huu tutautengeneza mji."

Kijana mmoja aitwaye Ayoub, mwembamba, mdomo wake haupumziki, akainua mkono. "Mwalimu, mji una kilo ngapi? Maana mgongo wangu mimi ni mbovu."

Darasa likacheka, na Batoul akacheka nao. Mmoja tu hakucheka, msichana aliyekuwa akiandika kwa kalamu za rangi tatu. Huyo ni Wiam, wa kwanza wa darasa, binti wa mhandisi, ambaye tangu mwaka wa kwanza alishaamua kwamba atafanya kazi kwenye kliniki ya binafsi Casablanca. Somo hili aliliona kama kijiwe kwenye kiatu. Alitaka tu kulipita.

Batoul aliwapeleka Sefrou, mji wake mwenyewe, anakojua kila kichochoro, akampa kila mmoja nyumba ya kutembelea. Wiam alipewa Lalla Rqia, fundi wa vifungo mwenye miaka sitini na minane, aliyepigwa na kiharusi mwaka mmoja na nusu uliopita. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Mguu uliburuta kidogo, lakini kwa fimbo alitembea. Aliishi ng'ambo ya mto upitao mjini, na mwanawe Abdelhaq na mkaza mwana wake Nawal.

Wiam alijitayarisha sana. Siku ya tatu alifika na kiti cha plastiki cha kuogea, sifongo yenye mpini mrefu, na chupa ya sabuni ya kubonyeza kwa mkono mmoja. Lalla Rqia alivitazama vitu vile kama mtu anayeonyeshwa samaki wa juzi.

"Hiki ni nini?"

"Kiti cha kuogea, Lalla. Utakaa hapa bafuni, Nawal atakufungulia maji, na kwa mkono wako mzima..."

"Nawal ananiosha mwaka na nusu sasa. Ananiosha vizuri, Mungu amlipe. Lakini nikuambie kitu, binti yangu. Wanaooshwa nyumbani na watu wa nyumbani ni wawili tu: mtoto mchanga na maiti. Wa kwanza nilishapita. Wa pili sijafika. Toa kiti chako."

"Sasa Lalla unataka nini?"

"Nataka hamamu. Nikaoge kwenye mvuke na wanawake wenzangu wa mtaa."

Nawal, aliyekuwa akikanda unga mlangoni, akageuka na mikono yake myeupe. "Mama! Si ulisema mwenyewe hamamu huitaki tena? Ulisema joto linakuuma kichwa!"

Bibi akauvuta mkono wake uliolala, akaupakata kama paka. Kisha akasema taratibu kwamba joto halijawahi kumuuma kichwa maisha yake yote. Mwaka uliopita alikwenda na jirani, ndoo yake na sabuni yake nyeusi mkononi, na Yamna, mlinzi wa mlango wa hamamu, akamzuia mbele ya watu. Alimwambia, "Rudi nyumbani, Lalla Rqia. Ukianguka humu, mimi na wanangu tumeanguka." Wanawake wote walikuwa wanatazama. Aligeuka akarudi, na kwa aibu akalisingizia joto.

"Mule ndani ndimo nilimopata mchumba wa Abdelhaq," alisema, akimwonyesha Nawal kwa kidevu. "Nilikuona ukimmiminia bibi yako maji, nikasema huyu ana mkono wa huruma. Vifungo vyangu niliviuzia mule. Habari nilizipata mule. Sasa nakaa hapa, habari zinanifikia zimeshapoa."

Nawal alifuta macho kwa kiwiko, unga ukabaki shavuni.

Wiam alirudi kwa mwalimu wake na kiti begani. "Mwalimu, mgonjwa wangu amekataa tiba."

"Amekataa tiba, au amekataa kiti?"

Wiam akaeleza yote. Batoul alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe umewahi kuoga hamamu ya mtaani?"

Msichana akaona haya. "Kwetu kuna bafu, mwalimu."

"Basi Alhamisi tunakwenda kuoga. Ni kipindi hicho, usikose. Lete taulo, na machungwa ya kula ukitoka."

Wakati huohuo aliwatuma wanafunzi wengine wakaulize nyumba kwa nyumba: nani zamani alikwenda hamamu na sasa haendi? Walidhani watapata watatu au wanne. Katika mitaa mitatu tu walipata wanawake ishirini na watatu na wanaume kumi na wanne. Wengine walikuwa na fimbo, wengine walikatwa mguu kwa kisukari, mmoja alikuwa kipofu, tarishi wa zamani. Karibu wote walidhani ni wao peke yao.

Alhamisi Batoul na Wiam waliingia hamamuni. Hakuna haja ya kueleza mvuke ulivyokuwa. Ilitosha kwamba miwani ya Wiam iligeuka maziwa, na hatua ya tatu tu miguu ikamtoka. Yamna mlinzi wa mlango, mwanamke mpana wa miaka hamsini na kitu, alimdaka kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa na ndoo.

"Taratibu, mrembo! Hapa si Fez, hapa sakafu ina akili yake."

Wanawake wakaangua kicheko. Wakamkalisha Wiam kwenye kigoda, wakamsugua mpaka akawa mwekundu kama komamanga, wakamuuliza ana miaka mingapi, ana mchumba, na kwa nini amekonda. Alipozoea, akaanza kuona. Aliona kizingiti cha chumba cha joto kilivyo juu. Aliona hakuna pa kushika. Na aliona Yamna, kila akiinua ndoo, anauma mdomo na kushika goti.

"Magoti yanakuuma, Lalla Yamna?"

"Magoti? Mimi sina magoti. Nina misumari miwili." Alikaa kidogo kando yake. "Miaka ishirini na sita nabeba maji haya. Lakini usiyaseme nje. Tajiri mwenye hamamu akisikia ataleta kijana."

"Na Lalla Rqia... kwa nini ulimrudisha?"

Yamna alitazama sakafu. "Unafikiri nililala siku ile? Tajiri alishaniambia: mtu akivunjika humu, wewe ndiye wa kwanza kutoka. Nina watoto watatu, baba yao hayupo. Nilifanyaje?"

Njiani wakirudi Wiam akasema, "Nilikuja na hasira na yule mama."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nimkasirikie nani."

"Hapo ndipo kazi inapoanza," Batoul alimwambia.

Tajiri mwenyewe aliitwa Si Lahbib, yaani Bwana Lahbib, muuza vitambaa, aliyerithi hamamu kwa baba yake. Batoul alikusudia kumwendea polepole, kwa chai na adabu. Lakini Ayoub, aliyesikia yote kwa Wiam, hakuwa na subira. Alasiri hiyohiyo, kabla ya kupanda basi la Fez, alipiga picha mlango wa hamamu, akaiweka mtandaoni na maneno makali: hamamu hii inafukuza walemavu. Hadi adhuhuri ya kesho yake nusu ya Sefrou walikuwa wamesoma. Hadi alasiri Si Lahbib alikuwa amemwambia Yamna atafute kazi nyingine mwisho wa mwezi, kwa kuwa ndiye aliyemfukuza bibi na kuliletea jina lake aibu.

Simu ya Bwana Sqalli ilimkuta Batoul sokoni na kilo ya maharage mabichi mkononi.

"Lalla Batoul, nimetumiwa picha ya mlango."

"Nimeiona, mkuu."

"Je, tumeanguka?"

"Tumeteleza," alisema Batoul. "Nipe wiki moja."

Ilisikika kalenda ikifunuliwa. "Wiki moja."

Alikata simu akabaki amesimama na maharage yake. Hofu yake haikuwa somo kufa tu. Aliona sura ya Yamna. Kwa miaka sita alidai kwamba wanafunzi wakitoka nje ya hospitali wataleta mema, na kitu cha kwanza walichokileta ni mama wa watoto watatu kupoteza kazi.

Ayoub aliletwa mbele yake akiwa hana utani hata chembe. Picha alikuwa ameshaifuta.

"Lakini nilisema kweli, mwalimu!"

"Ulisema kweli. Ila uzito wake umembebesha mtu mwingine. Wewe unarudi Fez na basi la saa kumi na moja. Yamna anarudi wapi?" Kijana akainamisha kichwa. "Na Lalla Rqia, ulimuuliza? Nani alikuambia anataka mlango ule uaibishwe? Yeye anataka ufunguliwe."

"Sasa nifanye nini?"

"Twende ukamwombe radhi. Yeye kwanza."

Walikwenda wote watatu, Batoul na Ayoub na Wiam. Walitegemea bibi atakasirika. Lalla Rqia aliwasikiliza huku akinywa chai, akaweka glasi chini.

"Kwa hiyo mnaandika kwenye simu, mnaandika barua, mnahesabu watu. Vizuri. Kuna aliyefikiria kuniuliza mimi nina la kumwambia Lahbib?"

Ayoub akatikisa kichwa. Hakuna.

"Nawal, nipe joho langu la kijani. Abdelhaq, mkono wako."

Njiani kwenda sokoni, kwenye duka la Lahbib, Lalla Rqia alipita ushirika wa mafundi wa vifungo akawachukua wanawake watano, akapita kwa Yamna akamtoa nyumbani kwa nguvu. Batoul na wanafunzi wake walifuata nyuma. Lilikuwa jambo geni kwake, kufuata nyuma, lakini aliona ndipo mahali pake.

Si Lahbib alikuwa akikunja kitambaa. Aliinuka.

"Amani kwako, Lahbib."

"Na kwako amani, Lalla Rqia. Umepona?"

"Sijapona. Nimekuja hivyohivyo." Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Kijana huyu ana neno."

Ayoub alisonga mbele, masikio mekundu. Akasema kwamba amekosa, kwamba aliandika bila kumuuliza yeyote, na kwamba kosa hilo si la Yamna. Si Lahbib alimsikiliza kwa uso wa jiwe.

"Sawa. Nimesikia. Lakini hamamu yangu si hospitali. Mtu akivunjika nyonga mle, anayeitwa polisi ni nani? Ni huyu mwalimu?"

"Lahbib," alisema Lalla Rqia, "mama yako, Mungu amrehemu, alipotimiza arobaini ya uzazi alikuja nawe hamamuni. Mimi ndiye niliyekupakata akisuguliwa. Ukaninyea hapa." Akaonyesha paja. "Siku ile sikuuliza anayesafisha ni nani."

Wanawake watano wakafunika midomo. Mteja mmoja akajifanya anatazama kitambaa. Si Lahbib alijaribu kukunja uso, midomo ikamsaliti.

"Lalla Rqia, jamani, mbele za watu!"

"Wewe uliniambia mbele za watu nirudi nyumbani."

"Si mimi niliyesema, ni..." Akamtazama Yamna.

Ndipo Yamna, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, akasema kwa sauti ndogo, "Si Lahbib, mwaka huu mimi mwenyewe nimeanguka mara tatu mle ndani. Mara ya mwisho nililala chini mpaka wateja waliponiinua."

Mteja akakiweka kitambaa chini.

"Mara tatu? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenifukuza."

Si Lahbib alikaa. Alikikunjua kile kitambaa alichokuwa amekikunja, akakikunja tena vibaya. Batoul alitaka sana kusema. Maneno yalikuwa tayari ulimini, hoja za miaka sita. Akayameza. Aliona kwamba yule mtu hakuhitaji hotuba, alihitaji nafasi ya kushuka bila kuvunjika.

Wiam ndiye aliyesema, na alisema kama mtu wa kazi. "Si Lahbib, vyuma vya kushika ukutani, vigoda virefu vinne, mikeka ya mpira, na mpira wa maji ufike chumba cha joto ili ndoo zisibebwe mbali. Basi. Hivyo vinamfaa Lalla Rqia, na vinamfaa Lalla Yamna pia. Hata mimi nilikaribia kuanguka."

"Nilimdaka," alisema Yamna.

Si Lahbib akashusha pumzi ndefu. "Jumatatu asubuhi. Jumatatu huwa ni tupu. Mwezi mmoja wa majaribio. Vyuma natoa mimi, fundi tafuteni nyinyi. Yamna anabaki. Na mtu akianguka..."

"Tunajua," alisema Batoul. Sentensi hiyo ilionekana kila mtu amezaliwa nayo.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Ayoub na vijana wenzake wawili walitoboa kuta kila hamamu ilipofungwa, mgongo mbovu ukasahaulika. Wiam aliwafundisha Yamna na wasuguaji wawili namna ya kumwinua mtu bila kujiumiza. Lakini aliyesema chuma kikae wapi alikuwa Lalla Rqia, sakafu ikiwa kavu, joho lake amelipandisha, fimbo ikielekeza. "Hapo ni pa mtu mrefu. Shusha. Shusha tena. Na hapa kwenye kizingiti, mnataka nishike hewa?" Wiam aliandika yote kwa kalamu moja tu, ile iliyokuwa karibu.

Jumatatu ikafika. Walikuja wanawake tisa kati ya ishirini na watatu. Wengine waliogopa, wakasema wataona kwanza. Bwana Sqalli naye alifika kutoka Fez na, kwa kuwa zilikuwa saa za wanawake, akabaki uchochoroni na faili lake kwapani. Batoul hakuingia ndani. Alikaa kwenye ukumbi wa kubadilishia nguo, kati ya majoho yaliyotundikwa, kwa sababu alijiambia kwamba akiingia wanafunzi watamtazama yeye badala ya kutazama watu wao.

Alikaa. Alisikia maji. Alisikia mazungumzo, kisha kicheko, kisha maji tena. Akahesabu vigae ukutani. Nusu saa ikapita, moyo ukaanza kutulia.

Ghafla kishindo. Kikubwa, kikarudiwa na kuta, kisha kimya.

Batoul alisimama, akashika joho moja lililotundikwa. Katika kimya kile, kifupi sana, aliona nyonga iliyovunjika, aliona Yamna mlangoni na mizigo yake, akamwona Lalla Rqia chini. Alijisemea, mimi ndiye niliyemleta.

Halafu vikapigwa vigelegele. Kimoja, kisha vingi, mpaka mvuke wenyewe ukaonekana kutikisika. Wiam akachomoza kichwa mlangoni, nywele zimemganda usoni.

"Ndoo, mwalimu! Ni ndoo! Lalla Rqia ameipiga teke mwenyewe, eti ilikuwa imekaa kwenye njia yake. Kwa mguu ule mbovu! Kwa mguu ule mbovu, mwalimu!"

Batoul akakaa chini palepale, juu ya viatu vya watu. Alicheka, kisha akalia, kisha hakujua ni kipi anafanya. Alipopata nguvu akatoka nje uchochoroni, ambako Bwana Sqalli alikuwa amepauka kama chokaa.

"Nimesikia kishindo."

"Ndoo, mkuu."

"Ndoo?"

"Imeanguka ndoo."

Mkuu wa idara akatoa leso, akafuta paji la uso polepole, upande mmoja kisha mwingine. "Kuhusu ndoo," alisema, "hatukuwa na makubaliano."

Baada ya saa moja na robo Lalla Rqia alitoka, amefungwa taulo kichwani, mashavu yanawaka, Nawal upande mmoja na chuma ukutani upande mwingine. Akaketi, akaomba chungwa, akalimenya kwa mkono mmoja na meno, na akala lote bila kumpa mtu. Kisha akaanza kuwahadithia habari zote alizozikosa kwa mwaka mzima, moja baada ya nyingine, kana kwamba ni wao waliokuwa hawamo.

Si yote yaliyokwenda sawa. Zamu ya wanaume ilichelewa miezi minne, na tarishi wa zamani alifariki kabla ya siku yake kufika. Wiam alikwenda msibani, na jina la marehemu hakulifuta kwenye orodha ya wanaosubiri zamu. Mkono wa Lalla Rqia haukuamka, ila alianza tena kuuza vifungo hamamuni, vilivyosokotwa na wenzake wa ushirika. Hamamu ya pili mjini ikaweka vyuma, kwa kuwa Si Lahbib Jumatatu zake zilikuwa zimejaa na mwenye hamamu hiyo hakutaka kupitwa. Wiam alikwenda Casablanca kama alivyokusudia, kwenye kliniki ileile ya binafsi. Miezi miwili baadaye alimwandikia Batoul kuuliza amkabili vipi mkurugenzi wake, maana mlango wa kliniki yenyewe una ngazi tatu.

Mwezi wa sita baraza la chuo lilikaa. Batoul aliingia na karatasi kumi na moja za hoja alizoziandaa kwa wiki mbili. Hakusoma hata moja. Bwana Sqalli alizungumza kwa dakika sita, akasema somo libaki, na mwaka ujao wanafunzi wawe ishirini na wawili. Mikono ikainuliwa. Ikawa imekwisha kabla chai haijapoa.

Alitoka nje kwenye jua, akampigia mumewe, Allal, fundi wa magari ambaye kwa miaka sita alikuwa amesikia habari za somo hilo kila chakula cha jioni.

"Limebaki," alisema.

"Nini kimebaki?"

"Somo, Allal! Somo limebaki!"

Akasikia spana ikiwekwa chini. "Alhamdulillahi. Basi leo tutakula tukiongea mambo mengine?"

"Leo hatutaongea kabisa. Nataka kulala."

Na kweli, alipofika nyumbani hakuvua hata hijabu. Alijilaza kwenye kochi la sebuleni wakati wa alasiri, mikono imefunguka ubavuni, akalala. Allal aliporudi alimfunika miguu, akaichukua simu yake akaiweka jikoni, na akamwacha hivyo mpaka magharibi.